Binti yangu anasomea uhasibu, kwa nini alipie falsafa?

Mama Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, mkazi wa Kirumba hapa Mwanza, na kwa miaka 19 nimekuwa nikiuza dagaa na kayabo katika soko la Mwaloni. Baba watoto alifariki mwaka 2014, kwa hiyo mzigo wa kuwasomesha umebaki mabegani mwangu. Binti yangu wa pili yupo mwaka wa pili wa shahada ya uhasibu katika chuo kikuu kimoja cha huku Kanda ya Ziwa. Mkopo wa serikali aliopata hautoshi, na sehemu iliyobaki naijazia mimi kwa fedha za dagaa, pamoja na kaka yangu aliyeko Dar es Salaam, ambaye mwenyewe ni mhasibu.

Shida yangu ni hii. Muhula huu wametakiwa kuchagua kozi mbili za hiari. Wenzake wengi wamechukua kozi ya pili ya kodi na kozi ya kompyuta. Yeye amejiandikisha kozi ya mantiki na falsafa, na nyingine ya historia ya Afrika Mashariki. Mjomba wake aliposikia alinipigia simu kwa hasira. Alisema hatatoa fedha yake ili mtoto akajifunze habari za Wayunani waliokufa zamani, na kwamba katika miaka yote aliyokaa ofisini hajawahi kusikia mhasibu akiulizwa swali la falsafa.

Kinachonichanganya zaidi ni kwamba mwaka wa kwanza walikuwa na kozi za lazima, DS (yaani somo la maendeleo) na stadi za mawasiliano, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akizilalamikia. Alisema walikuwa mamia katika ukumbi mmoja, waliokaa nyuma hawamsikii mhadhiri, na mtihani ukikaribia wote wanakariri madesa yale yale ya miaka iliyopita. Sasa mtu aliyechoshwa na masomo ya namna hiyo anawezaje kuyatafuta kwa hiari yake?

Nilimwambia abadilishe. Alinijibu kwa adabu, lakini hakukubali. Alisema, "Mama, kodi nitaisoma tena hata baada ya chuo, kwa ajili ya mitihani ya Bodi ya wahasibu. Hii ya mantiki nisipoisoma sasa sitaisoma maisha yangu yote."

Sisemi kwamba mtoto hana akili. Mwaka jana kikoba chetu cha wanawake 30 kilikuwa karibu kuvunjika. Mwenzetu mmoja alifiwa na mume, akakosa vikao vitatu, na alipoomba fedha za mfuko wa jamii baadhi walisema si mwanachama hai, kwa hiyo hana haki. Tuligombana wiki mbili. Binti yangu alikuja likizo, akaichukua katiba yetu akaisoma yote usiku, na asubuhi akatuonyesha kwamba maneno "mwanachama hai" tuliyatumia kwa maana mbili: ukurasa mmoja ni aliyelipa hisa zake, ukurasa mwingine ni anayehudhuria vikao. Kwenye kifungu cha misiba maana iliyokusudiwa ilikuwa ile ya hisa, na mama yule hisa zake zilikuwa kamili. Tulipatana siku hiyo hiyo. Hata hivyo, Mama Mwalimu, kikoba si ajira. Pale Mwaloni nawaona vijana wenye shahada zao wakipakia magunia ya dagaa kwenye malori, na wengine wakiendesha bodaboda. Naogopa.

Siku ya mwisho ya kubadili kozi ni Ijumaa ya wiki ijayo. Naomba uniambie ukweli: hii elimu pana inayosifiwa ina faida gani kwa mtoto wa muuza dagaa?

Mama wa Kirumba

JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye neno lile moja, naogopa. Mama anayesomesha kwa dagaa, ambaye kila mvua inayowakuta dagaa bado wamelala juani inamwondolea sehemu ya ada, ana haki ya kuuliza kila shilingi inakwenda wapi, na mtu anayemjibu kwa kumwambia tu kwamba elimu ni ufunguo wa maisha hajamjibu kitu. Nitakujibu kwa kuanzia pale unapoogopea, yaani kwenye uhasibu wenyewe.

Nakubaliana na kaka yako katika jambo moja, tena bila kusita. Binti akishindwa kufunga hesabu za mwaka, au akahitimu bila kuielewa sheria ya kodi, hakuna falsafa itakayomwokoa. Lakini kwa maelezo yako hakuna somo la uhasibu aliloliacha. Shahada ya miaka mitatu katika vyuo vyetu humtaka mwanafunzi afikishe krediti zisizopungua 360, na sehemu kubwa ya hizo, kwa mwanafunzi kama yeye, ni uhasibu, fedha, ukaguzi na kodi. Tunazungumzia kozi mbili tu katika miaka mitatu.

Sasa nimgeukie kaka yako na kazi yake. Kila siku anaandika muamala mmoja mara mbili, upande wa debiti na upande wa krediti. Utaratibu huo ulielezwa kwa kina kwa mara ya kwanza katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1494, mjini Venice, na aliyeueleza alikuwa Luca Pacioli, mtawa wa Kifransisko na mwalimu wa hisabati. Hakuubuni yeye, kwa kuwa wafanyabiashara wa Venice walikuwa wakiutumia tangu zamani. Yeye aliukusanya na kuuweka kama sehemu moja ndani ya kitabu kikubwa cha hesabu na jiometri, na miaka kadhaa baadaye akatoa kitabu kingine juu ya uwiano wa maumbo, ambacho michoro yake ilichorwa na rafiki yake Leonardo da Vinci. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuufundisha ulimwengu uhasibu kwa chapa alikuwa mtu wa elimu pana kupindukia, na uhasibu wenyewe uliingia vitabuni ukiwa umekaa katikati ya masomo mengine.

Nikirudi kwenye nyakati zetu, mwaka 2001 kampuni ya nishati ya Marekani iitwayo Enron ilifilisika baada ya kubainika kwamba madeni makubwa yalikuwa yamewekwa nje ya vitabu vyake. Mkaguzi wake wa nje alikuwa Arthur Andersen, mojawapo ya kampuni tano kubwa kabisa za ukaguzi duniani wakati ule. Mwaka 2002 kampuni hiyo nayo ilitiwa hatiani kwa kuharibu nyaraka, ikaanguka. Na ingawa Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua hukumu hiyo mwaka 2005, wateja na wafanyakazi walikuwa wamekwisha kutawanyika. Hao walikuwa miongoni mwa wahasibu waliofunzwa vizuri kuliko wote duniani. Kodi waliijua, na kompyuta walikuwa nazo. Kilichokosekana ni watu wa kutosha wa kuuliza kwa sauti kama kile kilichoandikwa kwa kufuata kanuni ni kweli au si kweli, na wa kuling'ang'ania swali hilo mbele ya wakubwa wao.

Kaka yako anasema hajawahi kusikia mhasibu akiulizwa swali la falsafa. Mimi nadhani amelisikia mara nyingi, ila halikuletwa likiwa na jina hilo. Mkubwa wa ofisi anapomwambia mhasibu kijana aisogeze ankara ya Juni iingie Julai ili mwaka wa fedha ufungwe ukiwa unapendeza, kijana huyo ameulizwa swali la maadili, na anatakiwa ajibu kabla ya chakula cha mchana. Asiyewahi kujizoeza kupima hoja na kuitetea kwa utulivu atabaki na njia mbili: kunyamaza na kutia sahihi, au kugombana na kufukuzwa. Aliyefunzwa ana njia ya tatu, ya kueleza hatua kwa hatua kwa nini jambo hilo litawaumiza wote, na kuna siku maelezo hayo husikilizwa.

Mfano unaonigusa zaidi, hata hivyo, wewe unaupita kila asubuhi. Mama zetu waliwajua furu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi waliokuwa wakikaushwa juani na kuliwa katika kila nyumba ya pwani ya ziwa hili. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakuu wa uvuvi upande wa Uganda na Kenya walipandikiza sangara ziwani. Hoja yao ilionekana nyoofu kabisa: furu ni wengi, wadogo, wana miba, sangara ni mkubwa na ana mnofu, basi sangara amle furu, na watu wamle sangara. Walikuwapo wanasayansi walioonya mapema, hawakusikilizwa. Kufikia miaka ya 1980 sangara walikuwa wamejaa hadi katika Ghuba ya Mwanza, na aina nyingi mno za furu, ambazo hazikupatikana popote pengine duniani, zilipungua vibaya au zikatoweka.

Kwa hesabu ya kilo mpango ule ulifaulu, na sitaki kuficha hilo, kwa sababu nyumba nyingi za Mwanza zimejengwa kwa fedha za sangara na watoto wengi wamesomeshwa nazo. Lakini sangara ana mafuta mengi, hakauki juani kama furu, kwa hiyo alihitaji kubanikwa kwa moshi au kukaangwa, na moshi ukahitaji kuni, na kuni zikatoka kwenye miti ya visiwani na ya kandokando ya ziwa. Vikaja viwanda vya minofu, hasa katika miaka ya 1990, na mnofu ukapanda ndege kwenda Ulaya. Akina mama waliokuwa wakiuza samaki mzima wakaachiwa mapanki, yaani kichwa na mfupa baada ya mnofu kuondolewa. Kisha mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukayazuia mazao ya samaki wa ziwa hili kwa hofu ya sumu ambayo baadhi ya watu walikuwa wakiitumia kuvulia, na mji mzima ukajua maana ya kumtegemea mnunuzi mmoja aliye mbali.

Nakuomba ufikirie, mdogo wangu, ni mtaalamu wa somo gani angeweza kuyaona yote hayo kwa pamoja. Aliyejua samaki hakujua kuni. Aliyejua kuni hakujua soko la Ulaya. Mhasibu wa kiwanda aliandika thamani ya minofu iliyouzwa nje, na aliiandika kwa usahihi, lakini kwenye kitabu chake hapakuwa na safu ya kumwandika mama aliyekosa samaki wa kuuza. Simlaumu, kwa sababu hakufundishwa kwamba kuna jambo la kuulizia hapo. Binti yako akiijua historia ya pwani hii, naye akawa ndiye mwenye kalamu, kuna uwezekano mkubwa kwamba ataulizia.

Unauliza faida kwa mtoto wa muuza dagaa. Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu watu wengi hudhani elimu ya namna hii ni anasa ya watoto wa wenye nacho, na mimi naamini kinyume chake kwa moyo wangu wote. Warumi wa kale waliyaita masomo haya kwa Kilatini *artes liberales*, yaani stadi zinazomfaa mtu huru, tofauti na mafunzo ya mtumwa, ambayo yaliishia kwenye kazi ya bwana wake. Kwa Kiswahili ingefaa tuseme elimu huria, lakini neno hilo tumekwisha kulizoea katika Chuo Kikuu Huria, ambako lina maana nyingine ya kusoma bila kulazimika kukaa darasani kila siku; ndiyo maana nasema elimu pana. Mtoto wa tajiri huipata elimu hiyo bila kujiandikisha popote. Anaipata mezani kwa baba yake, ambako mawakili na madaktari huzungumza akisikia. Anaipata safarini, na kwenye makabati ya vitabu yaliyojaa nyumbani. Akisomea uhasibu mtupu hatapungukiwa na kitu, kwa sababu mengine alishayanywa na maziwa. Binti yako alipofika kidato cha tano alikatiwa masomo matatu ya tahasusi, pengine ECA, yaani uchumi, biashara na uhasibu, na General Studies ikawa ya kupitia tu. Kwake chuo kikuu ni mlango wa mwisho wa kuyapata hayo mengine akiwa na mwalimu wa kumuuliza. Alipokwambia kwamba asipoisoma sasa hataisoma maisha yake yote, alikuwa amepima hali yake vizuri kuliko mimi na wewe.

Tena hakuwa wa kwanza kupima hivyo katika pwani hii. Mwalimu Nyerere, aliyetoka Butiama na kuanzia masomo Mwisenge, Musoma, alikwenda Edinburgh mwaka 1949 akiwa tayari ni mwalimu mwenye kazi yake. Shahada aliyoichagua ilichanganya historia, uchumi, anthropolojia, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Alihitimu mwaka 1952, na miaka tisa baadaye alikuwa akiiongoza nchi kwenye uhuru. Mtu angeweza kumwambia mwaka ule wa 1949 kwamba falsafa ya maadili haina ajira Tanganyika.

Kuhusu DS na madesa, binti yako ana haki ya kulalamika, na wewe una haki ya kushangaa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kilianza Oktoba 1961 na kitivo kimoja tu cha sheria, kiliamua katika miaka ile ya mwanzo kwamba mwanafunzi wa uhandisi, wa udaktari na wa sheria wote watasoma somo la maendeleo, ili msomi aijue jamii inayomlipia. Uamuzi ule ulikuwa mzuri, na vyuo vingine vikaufuata. Lakini somo la kujadiliana likifundishwa kwa kuwasomea watu mia sita maandishi ukutani, linageuka kuwa adhabu, na mwanafunzi anatoka akiamini kwamba ameionja elimu pana na kwamba haina ladha. Nasema kwa uchungu, kwa sababu nimeona vijana wengi wakipotezwa namna hiyo. Dawa yake, kwa maoni yangu, ni madarasa madogo na kuandika insha nyingi ambazo mtu mzima anazisoma na kuzirudisha zikiwa na wino mwekundu. Ashesi, chuo kikuu cha Ghana kilichoanza mwaka 2002, humtaka kila mwanafunzi wa kompyuta, biashara na uhandisi apitie masomo ya msingi ya uandishi, falsafa na jamii. MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani kinachosifika kwa mashine na hesabu, hakimpi mwanafunzi shahada ya kwanza mpaka amalize kozi nane za fasihi, sanaa na sayansi za jamii. Kozi ya hiari ya mantiki, ambayo wanafunzi wake huwa wachache kuliko wa DS, inaweza kumpa binti yako kile ambacho DS ilikusudiwa kumpa ikashindwa.

Mimi mwenyewe nilisoma hisabati na fizikia Mlimani, yaani hapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika miaka ya 1970, na somo la maendeleo nililichukia kwa mwaka mzima. Kisha nikapangiwa kufundisha katika shule moja kisiwani, huko Ukerewe. Wasichana wa kidato cha pili walikuwa wakitoroka shule kwa makundi, na mkuu wa shule alikuwa akiwachapa. Mimi, kwa kuwa ni mtu wa hesabu, nilichukua daftari la mahudhurio nikachora utoro wa kila siku kwenye karatasi ya grafu. Mchoro ulipanda na kushuka kwa mpangilio ule ule, takriban kila baada ya siku 29 au 30. Hesabu ilinifikisha hapo ikaniacha, kwa sababu niliona mpangilio bila kuijua sababu yake. Ndipo nikakumbuka swali tulilokuwa tukiulizwa kwenye lile somo nililolichukia, kwamba katika nyumba hii nani anafanya kazi gani, saa ngapi, na nani anapata nini. Nikaenda kuwauliza mama zao. Wewe jibu umeshalijua: dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika. Siku za giza wasichana walikuwa ufukweni tangu alfajiri, wakianika. Mbalamwezi ikirudi, darasa linajaa.

Hakuna fimbo ambayo ingebadilisha mwendo wa mwezi. Tulikubaliana na wazazi kwamba msichana aanike hadi saa mbili asubuhi kisha aje shule bila kuadhibiwa, na mitihani yote mikubwa tukaipeleka kwenye siku za mbalamwezi. Utoro haukuisha, lakini ulipungua mbele ya macho yangu. Tangu siku ile sijawahi kumwambia mwanafunzi wa hisabati kwamba masomo mengine hayamhusu.

Kuhusu wahitimu unaowaona wakipakia magunia, siwezi kukuahidi kwamba falsafa itamkinga binti yako, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Nafasi za kazi ni chache kuliko wahitimu, na kozi mbili hazibadilishi hilo. Ninachoweza kukueleza ni jinsi kazi yenyewe inavyobadilika. Mhasibu aliyehitimu mwaka 2006 hakufundishwa M-Pesa, kwa sababu iliingia Tanzania mwaka 2008, wala mashine za EFD za kutolea risiti za kodi, zilizoanza kutumika mwaka 2010. Yote hayo alilazimika kujifunza akiwa kazini, bila mwalimu, kwa kusoma miongozo iliyoandikwa kwa lugha ngumu na kuuliza maswali yaliyo sahihi. Leo programu za kompyuta zinaingiza na kujumlisha miamala zenyewe. Sehemu ya uhasibu inayobaki kwa binadamu ni kuamua muamala huu maana yake nini, kuueleza kwa watu wasio wahasibu, na kukataa inapobidi. Kozi ya kompyuta inayofundishwa mwaka huu ni nzuri, na ningependa aipate mwakani kama nafasi itakuwapo, lakini programu atakayoisoma inaweza kuwa imepitwa kabla hajamaliza kurejesha mkopo wa serikali.

Sasa turudi kwenye kikoba. Wewe umeandika habari ile kama jambo la pembeni, ukaifunga kwa kusema kwamba kikoba si ajira. Mdogo wangu, kitendo cha kuona kwamba neno moja limebeba maana mbili, na kwamba ugomvi wote umekaa katika pengo lililo kati ya maana hizo, ndiyo kazi ya kwanza kabisa katika kozi ya mantiki. Binti yako aliifanya bila kufundishwa, usiku mmoja, kwa taa ya nyumbani kwako, na mjane akapata haki yake. Mikataba, sera za kodi na taarifa za ukaguzi zimejaa maneno ya aina ile. Sidhani kwamba aliichagua kozi hiyo kwa kuwakimbia wenzake au kwa kutafuta alama za bure. Nadhani alionja kitu katika katiba ya kikoba chenu akataka kukijua vizuri.

Kabla ya Ijumaa, mwambie akuletee mambo mawili kwa maandishi kutoka kwa mratibu wa masomo ya idara yake: kwamba kozi hizi mbili zinahesabika katika shahada yake, na kwamba hazigongani kwenye ratiba na somo lolote la lazima. Kama moja haihesabiki, aiache, na hapo nitakuwa upande wa mjomba. Muulize pia nani anafundisha, darasa lina watu wangapi, na insha ni ngapi kwa muhula. Akikuambia kwamba kozi ya historia nayo ni ukumbi wa mamia na madesa, basi abaki na mantiki, na nafasi ya pili achukue kodi. Hayo ni maafikiano ya haki kwa mtu anayelipa ada, na sioni kama yatamvunja moyo.

Kwa kaka yako, usiende wewe kumtetea binti. Mwache ampigie mjomba wake mwenyewe, amwamkie, kisha amweleze kwa dakika kumi kwa nini amechagua alichochagua, na asikilize mjomba akijibu, kwa sababu mhasibu wa miaka mingi ana mengi ya kumwambia kuhusu ankara za Juni. Simu hiyo iwe Jumamosi jioni, mjomba akiwa ametulia nyumbani. Nawe siku hiyo usiwe Mwaloni, uwe karibu naye, umsikie anavyoijenga hoja.